Kidude cha mkononi na mshale wake: maswali yenu ya sukari mwezi huu

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimekuja na kitu kimoja, kile kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono kinasoma sukari usiku na mchana. Wengine mnakiita sensa, wengine chipu, kuna bibi wa Chuno kaandika "kifungo cha sukari" na hilo jina nimelipenda sana, ila hapa nitasema sensa maana ndo wengi mnavosema, msichanganye tu na sensa ya watu. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya sukari miaka mingi huku kusini, na sukari yenyewe ninayo, aina ya pili, kwahiyo meza ile naijua pande zote mbili. Namba za sukari humu zote ni za mmol/L, na chini ya 3.9 ni sukari imeshuka. Haya tuanze na mama wa Mikindani maana barua yake imenikosesha usingizi.

Shikamoo mama. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana kisukari aina ya kwanza toka ana miaka 6, anachoma insulini. Mjomba wake anaishi Uingereza kaja likizo katuletea sensa mbili za FreeStyle Libre 2. Tumembandika moja, mwanzo nilifurahi, sasa naogopa. Juzi usiku simu ikalia inasema 3.4, nikamwamsha nikampa maji ya sukari, kuja kumtoboa kidole nakuta 11. Asubuhi yake anasema mikono inamtetemeka, sensa inaonesha 5.1, kumtoboa 3.6. Sasa niamini kipi? Na ile sindano imebaki ndani ya mkono wa mtoto? Bibi yake anasema inamnyonya damu. (Mama, Mikindani)

Marahaba mwanangu, na pole, hizo kengele za usiku zinachosha nazijua.

Nianze na bibi maana bibi ndo anayemlea mkiwa kazini, akiwa na wasiwasi siku moja atakibandua. Sindano haibaki. Ile sindano kazi yake ni kupeleka kauzi laini chini ya ngozi afu inatoka hapohapo na kile kibandikio, kinachobaki ni huo uzi tu, urefu kama milimita 5, na wala hauko kwenye mshipa wa damu. Uko kwenye majimaji yaliyo katikati ya seli, chini ya ngozi. Kwenye uzi kuna kimeng'enya (enzaimu), sukari ikikigusa kinatokea kiumeme kidogo sana, sukari ikiwa nyingi umeme unakua, ikiwa kidogo unapungua, kidude kinageuza umeme huo kuwa namba. Hakuna damu inayonyonywa. Siku 14 zikiisha ukiibandua mpe bibi aishike mwenyewe auone huo uzi, maneno yangu hayatamtuliza kama macho yake.

Sasa hilo la majimaji ndo jibu la namba kutofautiana. Wewe ni wa Mikindani, maji yakijaa unaona yanavofanya, yanaingia kwanza kwenye mkondo, mikoko inalowa, ndo baadaye yanafika nyuma kule kwenye mashamba ya chumvi, na yakianza kupwa mkondo unakauka kwanza wakati kule nyuma bado kuna maji. Damu ni mkondo. Yale majimaji inayoyasoma sensa ni shamba la chumvi. Sukari inapanda au kushuka kwenye damu kwanza, sensa inafuata nyuma kwa dakika kama 5 mpaka 15. Sukari ikiwa imetulia namba mbili zinakaribiana, ikiwa inakimbia zinaachana. Kwahiyo asubuhi ile mtoto alikuwa anashuka haraka, damu imeshafika 3.6, sensa bado iko nyuma inasoma 5.1. Mikono ya mtoto ilisema kweli kabla ya mashine, na wewe ulivomtoboa ulifanya sawasawa kabisa. Shika hiyo: mwili ukisema kitu na sensa ikasema kingine, kidole ndo hakimu.

Ya usiku ni habari nyingine. Kwanza nakuuliza, alikuwa kalalia mkono wenye sensa? Watoto wanageuka sana, mkono ukigandamizwa yale majimaji hayatembei vizuri pale, sensa inasoma chini wakati sukari iko salama, hii inatokea mno usiku. Pili, ulimpa maji ya sukari kwanza ndo ukatoboa baadaye, kwahiyo hiyo 11 ina sukari yako ndani yake. Na tatu, mama anayekoroga sukari saa 8 usiku vidole vyake vinanata, vya mtoto vikishika kikombe vinanata, ukitoboa bila kunawa stripu (kile kikaratasi cha mashine ya kidole kinachopokea damu) inasoma sukari ya kwenye ngozi. Siku nyingine simu ikilia mgeuze, nawa na umnawishe kwa maji, toboa. Ila kama stripu hazipo karibu, au anatoka jasho, kaloa, haeleweki anavoongea, usisubiri kitu, mpe sukari, bora ukute 11 kuliko degedege.

Kiasi sasa. Mtoto wa umri huo vijiko vya chai viwili mpaka vitatu vya sukari kwenye maji kidogo, au soda ya kawaida (isiwe ile isiyo na sukari) kama nusu kikombe, subiri dakika 15, pima KIDOLE, kama bado chini ya 3.9 rudia. Nimesema kidole kwa makusudi. Sensa iko nyuma, utampa sukari imeshapanda kwenye damu bado simu inakwambia 3.3, unampa tena, bado 3.4, unampa tena, baada ya saa moja mtoto yuko 18 na ninyi wote mnalia. Akiwa amepoteza fahamu usimwagie chochote mdomoni, mlaze ubavu, wahini hospitali.

Na angalia mshale, mwanangu. Pembeni ya namba kuna mshale, watu wengi hawauoni kabisa. 5.1 yenye mshale uliolala ni mtoto anayeweza kwenda kucheza mpira. 5.1 yenye mshale unaotazama chini ni mtoto anayetakiwa kula kitu sasa hivi. Mashine ya kidole haikupi mshale hata siku moja, inakupa picha moja ya dakika ile, na kama kuna kitu cha kuililia hii teknolojia ni huo mshale.

Sensa mbili ni siku 28, baada ya hapo mnarudi kwenye kidole, na mtoto hatakuwa ameharibikiwa kitu. Insulini ndo dawa yake. Januari 1922 kule Toronto kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini kutibu kisukari, kabla ya hapo mtoto kama wako alikuwa hana tumaini, na miaka zaidi ya 70 watu waliishi kwa insulini bila sensa yoyote. Kwahiyo ile ya pili msiibandike tu kwa kuwa ipo. Itunzeni, muibandike wiki mbili kabla ya kliniki, muandike alichokula, alichochoma, saa ngapi, mpelekeeni daktari apange dozi kwa kuona. Dozi msibadili wenyewe nyumbani. Na mwalimu wake wa darasa aelezwe maana ya kengele ikilia darasani, na awe na sukari kwenye droo.

Mimi ni mvuvi, nazamia pweza na kamba, nina sukari nachoma insulini. Nikivaa hiyo kitu itakufa na maji ya chumvi? Na kijijini kwetu mtandao unasumbua. (Msimbati)

Kuoga haina shida, kuvua juu ya ngalawa haina shida, kutembea mwambani maji yakipwa haina shida. Kuzama ndo shida kaka, hizi Libre zimeandikwa mita 1 kwa dakika 30, na wewe hukai mita 1. Ukizama nayo unajitafutia hasara. Mahali pa kubandika pawe pakavu, usiwe umepaka mafuta ya nazi siku hiyo, futa na spiriti uache ipae yenyewe, gundi haishiki ngozi yenye mafuta hata kidogo.

Mtandao si kikwazo kikubwa. Ukishaiweka programu kwenye simu mara moja, kusoma sensa kwa kuisogezea simu hakuli bando, bando inatakiwa kama unataka mkeo aone namba zako akiwa nyumbani. Ila kabla hujatoa hela hakikisha simu yako inakubali, kuna simu nyingi hazina ule uwezo wa kusoma kwa kusogeza, na kuna programu hazipatikani kwenye simu zote. Mwambie muuzaji aijaribu mbele yako.

Na ndugu yangu, mtu wa insulini anayezama peke yake, hilo linanitisha kuliko sensa. Pima kabla hujaingia majini, usizame ukiwa chini ya kawaida yako au umechoma na hujala, na mwenzako wa chomboni ajue una sukari na ajue peremende zako ziko wapi.

Habari mwanangu. Nina miaka 71, nina sukari mwaka wa 12, natumia vidonge vya metfomini tu. Mwanangu aliyeko Dar anataka kuninunulia hicho kifaa kila mwezi. Je ni lazima? Kila nikienda kliniki asubuhi bila kula napima naambiwa 6 na kitu, wanasema vizuri, lakini kile kipimo cha miezi mitatu kinakuja kibaya na macho yameanza ukungu. (Mzee, Newala)

Shikamoo mzee wangu.

Lazima, hapana. Mtu anayekunywa metfomini peke yake ni mara chache sana sukari yake kushuka ikawa hatari, kwahiyo kengele ya usiku wewe huihitaji kama yule mtoto wa Mikindani. Ungekuwa unatumia glibenklamaidi, vidonge vingine vya sukari, ningesema vingine, ile inashusha. Na hesabu yake ni nzito, kila moja siku 14, mwaka mzima ni sensa 26, tena kila mwaka, kijana anaweza kuanza kwa moyo mweupe akachoka mwezi wa tano na ninyi wote mkabaki na aibu ya bure.

Lakini barua yako mzee ina kitu kinanikumbusha yangu mwenyewe, naomba nikueleze kwa urefu.

Mi nilikuwa hivohivo. Asubuhi kabla ya kula 6.8, 6.5, najiona mwanafunzi bora, afu HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, inarudi asilimia 9.1. Nikabishana na maabara. Nikasema mashine yao mbovu. Halafu nikapata sensa moja, moja tu, nikaivaa siku zake 14 nikawa naandika kila ninachoweka mdomoni kwenye daftari la shule la mjukuu. Siku ya tatu tu nikaona. Asubuhi iko chini kweli, mchana inacheza 8, 9, jioni imetulia, afu saa 4 usiku inapanda mlima, 13, 14, siku moja 15.2, inakaa huko mpaka saa 8 usiku ndo inaanza kuteremka taratibu, ikifika alfajiri iko 6 na ndo mi naenda kujitoboa, nafurahi. Yaani kwa miaka nilikuwa napima saa pekee ambayo sukari yangu inakuwa na adabu.

Sababu ilikuwa sahani. Nilikuwa natoka kazini nimechoka, nakula saa 3 usiku, ugali wa muhogo mkubwa, mboga kidogo, nanyoosha miguu nalala. Nikahamisha chakula kikaja saa 1, ugali nikaukata nusu, pale palipobaki wazi nikajaza mbaazi na kisamvu, na tukimaliza kula mi na mume wangu tunazunguka mtaa dakika 20 tunasalimia watu. Mlima wa saa 4 ukawa kilima, 9, 10 hivi. Sikuacha ugali. Nimezaliwa nao. Kitu kingine nilichokiona ni ming'oko, nilikuwa nakula nikijua kwa kuwa imechimbwa porini haina neno, kwangu mimi ilipanda kama kiazi kingine chochote, sasa nakula michache na samaki, siyo bakuli zima na pilipili. Wali wa jana uliopoa nao ulinipandisha taratibu kuliko wa moto, lakini hayo ni ya mwili wangu mzee, ya kwako utayaona mwenyewe, mtu na mtu hawafanani hata wakila chungu kimoja. HbA1c ya miezi mitatu baadaye ikaja 7.6.

Kwahiyo mwambie kijana akununulie moja. Moja kila baada ya miezi kadhaa inatosha kukufundisha. Uivae siku zote 14, uishi kawaida, usijifanye mtakatifu kwa wiki mbili maana utajidanganya, na uandike. Kwenye ripoti kuna sehemu inaonesha muda gani sukari yako ilikaa kati ya 3.9 na 10. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana watu wazima wengi walenge zaidi ya asilimia 70, yaani kama saa 17 kwa siku, lakini kwa wazee na wenye magonjwa mengine wakasema hata zaidi ya asilimia 50 ni sawa, ilimradi kushuka chini ya 3.9 kusizidi asilimia 1. Kwahiyo usitishwe na kijana anayekulinganisha na mwenye miaka 30.

Ripoti hiyo ipeleke kliniki yako, iwe Newala hapo, Ndanda, Nyangao au Ligula, umuoneshe daktari saa ambayo sukari inapanda, hapo atajua dawa gani iongezwe na saa ngapi. Na kama familia yenu ina siko seli au wewe una upungufu wa damu mwambie pia, kile kipimo cha miezi mitatu kinaweza kudanganya kwa watu hao, na hapo sensa inasaidia kweli.

Na hela ikibaki mzee, kwanza macho. Huo ukungu usisubiri sensa. Nenda wakakupime nyuma ya jicho mwezi huuhuu.

Mambo sister. Kuna jamaa anauza saa na pete za kupima sukari bila kutoboa wala kubandika kitu, unavaa tu, bei poa kuliko hiyo sensa. Nimnunulie mama? (Kijana, Masasi)

Usinunue. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa watumiaji kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kupenya ngozi. Usichanganye na saa inayoonesha namba iliyotumwa na sensa halisi iliyo mkononi, hiyo ni kioo tu na haina ubaya. Hii ya jamaa inabuni namba. Mimi nimeona mtu kavaa saa ya hivo, tukaifunga kwenye chupa ya maji ikaendelea kusoma 5.6. Sasa mama achome insulini kwa kuamini namba ya chupa? Kama hela ya sensa haipo mnunulie mashine ya kidole ya kawaida na stripu za kutosha, na kabla hujalipa ulizia kwanza stripu zake zinapatikana Masasi, siyo mashine inapatikana wapi. Mashine nyingi zimelala makabatini kwa kukosa stripu.

Assalam alaykum. Nina miaka 48, natumia metfomini na glibenklamaidi. Mwaka jana Ramadhani nilianguka msikitini kabla ya magharibi. Mwaka huu shemeji yangu atanipa sensa. Je ukiivaa swaumu inaharibika? Na inalia ikifika ngapi nifungue? (Kilwa Masoko)

Waalaykum salaam kaka, pole sana kwa kuanguka, na nashukuru umeandika mapema.

Kuvaa sensa au kutoboa kidole hakufunguzi, miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inasema hivo wazi, na ukitaka moyo utulie muulize na sheikh wako. Ninachokuomba zaidi ni usianze na sensa. Anza na daktari, wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi, mwambie neno kwa neno "nilianguka". Hiyo glibenklamaidi ndo ninayoishuku, kuna dawa za kundi lilelile ambazo ni salama zaidi kwa anayefunga, na saa za kumeza zinabadilishwa. Anaweza pia kukwambia usifunge, na dini yenyewe imemsamehe mgonjwa.

Ukiruhusiwa, fungua papo hapo ukiwa chini ya 3.9 au ukivuka 16.7, au ukijisikia vibaya hata namba ikiwa nzuri. Hata kama imebaki nusu saa adhana. Najua hiyo nusu saa ilivo, unasema nimevumilia siku nzima, nivumilie na hii. Usivumilie.

Na hapa tena mshale. Ikifika saa 10 alasiri uko 4.6 mshale umelala, kaa kivulini, acha kupasua kuni, soma tena baada ya robo saa. Uko 4.6 mshale unatazama chini, hiyo si 4.6 tena kaka, damu imeshatangulia, toboa kidole na ujiandae kufungua. Jioni nayo utaona mambo: uji wa sukari, tende sita, muhogo wa nazi, tambi na juisi vyote ndani ya dakika kumi, mshale unasimama wima. Tende moja au mbili na maji, uswali, ndo urudi kwenye sahani. Daku isogeze karibu na alfajiri na iwe na kunde au maharage, siyo chai na mkate.

Msimu wa mabibo nakunywa juisi yake sana, na nameza vidonge vya vitamini C vya 1000. Sensa inasoma juu, kidole kinasoma chini kidogo. Kwanini? (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu, vitamini C inaichanganya ile kemia ya kwenye uzi. Watengenezaji wa Libre 2 wameandika kabisa kwamba zaidi ya miligramu 500 za vidonge kwa siku zinaweza kuifanya isome juu kuliko ukweli, unachoma insulini ya sukari ambayo haipo. Acha hivyo vidonge ukiwa umeivaa, au uamini kidole tu. Bibo nalo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa, kwahiyo jagi zima la juisi nalo sina imani nalo. Lakini usisahau bibo lina sukari yake halisi, sehemu ya kule kupanda ni kweli tupu. Kula moja mbili ukitoka shambani, usikamue ndoo.

Nyumba yetu ya bati, mchana ni tanuri, sensa na insulini niweke wapi? Na kuna fundi simu anasema anaweza kuirudisha sensa iliyoisha ianze upya, nimpe? (Liwale)

Usimpe. Siku 14 zikiisha inajizima kwa sababu kimeng'enya kimechoka na ngozi nayo imechoka, namba utakazopata baada ya hapo huna pa kuzipeleka.

Sensa mpya ziweke sehemu yenye ubaridi na kivuli, nyuzijoto zimeandikwa kwenye boksi, na tarehe ya mwisho wa matumizi iangalie kabla ya kulipa. Insulini ambayo hujaifungua ni friji, 2 mpaka 8, isigande, ikiganda tupa. Unayotumia inakaa nje kama wiki 4 ilimradi joto lisizidi 30, na kwa nyumba yako hilo ndo gumu, kwahiyo chukua chungu kikubwa cha udongo, weka mchanga uliolowa, ndani yake chungu kidogo, insulini kwenye mfuko wa nailoni humo, funika na kitambaa kibichi, uweke kivulini penye upepo. Mchanga usikauke. Dada zetu vijijini wamefanya hivo miaka na inashusha joto vizuri.

Shikamoo. Nina miaka 17, nasoma bweni. Nina sukari aina ya kwanza. Nimepata sensa kwa ufadhili lakini naificha kwa sweta hata jua kali, wenzangu wanasema nimewekewa chipu ya mashetani, mwingine anasema ni sindano ya uzazi wa mpango. Natamani kuitoa. (Mtwara mjini)

Marahaba mwanangu mzuri.

Mkono ni wako, ukiitoa sitakulaumu, utarudi kwenye kidole na utaishi. Ila usiitoe kwa sababu ya maneno yao. Chagua mmoja tu kati yao, yule anayekaa kitanda cha karibu, siyo wote, mwoneshe simu wakati unaisoma, umwambie hii ni sukari yangu sasa hivi, huu mshale unaniambia inaelekea wapi, na ukiniona usiku natoka jasho naongea ovyo, sukari iko kwenye kopo langu la bluu. Mtu akishapewa kazi ya kukulinda hana tena nafasi ya kukucheka. Matroni naye lazima ajue, hilo siyo ombi. Na sweta vua, joto litakuumiza na jasho linaing'oa gundi.

Mi nilivovaa yangu nilipanda basi la Lindi na blauzi ya mikono mifupi, kondakta akanyoosha kidole akaniuliza mbele ya abiria wote, mama hiyo nini. Nikamwambia nina sukari, hii inanisomea. Akanyamaza kidogo, akasema mama yake anayo, anaishi Tandahimba, anakataa kwenda kliniki. Akaja kukaa pembeni yangu kwenye kile kiti cha kukunja, nikamwonesha namba, ilikuwa 7.9 na mshale umelala, tukaongea habari za mama yake mpaka tukafika Mnazi Mmoja, ile ya Lindi.